Sufuria ya Amerika

Ukitaka kujua Kalondu ni mtu wa aina gani, usiulize mtu mwingine hapa Kiganjo, Thika, niulize mimi Jackie. Saluni yangu imetazamana na mlango wake, na hakuna mtu ameingia kwake, au ametoka akikimbizwa na mwiko, bila mimi kumwona kwa kioo. Kalondu ni mpishi wa sherehe. Harusi, matanga, mchango wa kanisa, popote penye watu wanaotaka kula utampata na leso mbili kiunoni, anaimba wimbo wa Kikamba ambao nusu ya maneno amejitungia. Akicheka, mteja wangu aliye chini ya draya anainua kichwa kuuliza kuna nini.

Zamani hakuwa akipika peke yake. Alikuwa na Wakonyo, yule tunayemwita Mama Eddie. Mmoja Mkamba mrefu, mwingine Mkikuyu mfupi, na walikuwa wakigombana juu ya chumvi kuanzia asubuhi mpaka wageni waende nyumbani wameshiba. Wakonyo ndiye alimpeleka Kalondu hospitali uchungu ulipomshika, Kimeu mumewe akiwa kazini, na mtoto alipozaliwa, Kavata, Wakonyo alimshika kabla hata mama mwenyewe hajamshika. Kavata amekua akijua ana mama wawili, na kwamba wote wawili wana ruhusa ya kumchapa.

Sasa sikiliza ujinga uliowatenganisha. Ni sufuria.

Mpishi wa sherehe huweka alama kwa vyombo vyake, kwa sababu jioni vyombo vya watu wengi vinaoshwa pamoja na kila mtu lazima ajue chake. Hawa wawili walinunua chupa moja ya rangi nyekundu ya kucha, wakagawana. Wakonyo akaweka tone moja chini ya kila sufuria yake, Kalondu akaweka matone mawili. Halafu kukawa na harusi kule Kalimoni, na kila mmoja akabeba ile sufuria yake kubwa kabisa ya kuchemsha nyama, na hizo mbili zilifanana kama mapacha. Jioni, moja ya hizo mbili ilikuwa imepotea. Iliyobaki ilikuwa na tone moja. Wakonyo akasema tone ni moja, basi ni yangu. Kalondu akasema matone yalikuwa mawili, moto umekula moja. Hebu wewe niambie, ungekuwa chifu ungeamua nini? Kalondu ndiye alikuwa karibu na bodaboda. Akaifunga nyuma, akaenda nayo, na tangu siku hiyo, mwaka wa tatu sasa, hawajasalimiana.

Wangenuniana tu ningevumilia. Lakini walianza kujihami. Kila mmoja aliapa hataomba chombo cha mwenzake tena, kwa hivyo Kalondu akisikia Mama Eddie amenunua sufuria mpya, siku ya soko anarudi na mbili. Mama Eddie akipata habari, anaongeza na karai. Kwa Kalondu zilijaa jikoni, zikaingia sebuleni, zikaenda chini ya kitanda, na Kimeu, mtu mpole sana, fundi wa kuchomelea vyuma, ikabidi ainue kitanda kwa matofali ili zitoshee. Sasa akitaka kulala anapanda na stuli. Na hizo sufuria nyingi hazijawahi kuonja moto. Kazi zilipungua, maana watu wa sherehe kubwa walikuwa wanawataka hao wawili pamoja, na ukiita mmoja mwingine haji. Walikuwa na vyombo vya kulisha jeshi, na jeshi lenyewe hakuna.

Mimi nilikuwa nimenyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Lakini mwaka huu Kavata akapata mchumba, kijana mzuri anaitwa Muoki, na watu wake wakasema Desemba wanaleta mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba mbuzi hao wakishapokelewa nyumbani kwa msichana, yeye ni mke wa watu. Siku hiyo ni ya kupika. Kavata akamwambia mamake mbele yangu, nikimsuka, kwamba Mama Eddie asipokuwa jikoni, hao mbuzi watarudi na gari lililowaleta.

Kalondu alicheka. Halafu akaacha kucheka, akakaa kwa kiti cha wateja na hana nywele za kutengenezwa.

"Jackie, mimi namtaka huyo mama jikoni kwangu kuliko ninavyomtaka huyo kijana," akaniambia Kavata alipotoka. "Usiku sipati usingizi. Lakini nianze mimi? Kwani ni mimi nilikosa?"

Na wiki hiyo hiyo, kiti hicho hicho, Wakonyo akaniambia, "Huyo mtoto mimi ndiye nilimshika wa kwanza. Naumia, Jackie. Lakini nianze mimi? Kwani ni mimi nilikosa?"

Nilikasirika mpaka nikamchoma sikio kidogo na pasi ya nywele. Sikuomba msamaha.

Basi hapo ndipo Waruguru alikuja. Waruguru ni mama wa mtaa wa Membley, ana gari dogo la buluu na kazi kwa shirika la amani, lakini anacheka kama sisi, ndiyo maana kikundi chetu cha kina mama, wengi wao wapishi wa sherehe, kilimsikiliza. Akasema mwisho wa Septemba kuna siku ambayo dunia nzima inazungumza juu ya kuondoa silaha za nyuklia, na kutakuwa na mkutano kwa ukumbi wa kanisa moja Ruiru. Anataka kina mama wa Kiganjo wafanye mchezo. Tukamuuliza nyuklia inahusu Kiganjo nini.

"Bomu moja linamaliza mji," akasema. "Likianguka Nairobi, hapa Thika hamtauliza ni nini hiyo imelia. Na yako maelfu. Nchi tisa ndizo zinayo, lakini karibu yote ni ya wawili, Amerika na Urusi. Zamani yalikuwa mengi zaidi, wakakubaliana wakapunguza, lakini siku hizi mikataba mingine wameiacha ife."

"Si wayaweke chini tu," nikasema.

"Nani aanze?" Waruguru akauliza. "Kila mmoja anasema ataweka akiona mwenzake ameweka. Na akiweka, mwingine anauliza, nitajuaje hajaficha lingine kwa nyumba? Kwa hivyo wanazidi kutengeneza, na hakuna mtu anataka kuyatumia."

Kalondu alikuwa ameketi mwisho wa benchi upande huu, Wakonyo mwisho wa benchi upande ule, na sisi wote katikati tukaanza kuangalia mabati ya paa. Mimi nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Kalondu akaniambia ninywe maji.

Waruguru akatuomba mazoezi yakianza kila mtu aje na kitu cha kuwa bomu. Baadaye alituambia alikuwa anafikiria puto, au karatasi iliyokunjwa. Hajui wapishi. Siku ya mazoezi kina mama waliingia uwanja wa kanisa na sufuria, zile za kazi, nyeusi tititi kwa masizi, na mifuniko yake juu, na Waruguru akashika kiuno akacheka mpaka akaketi kwa nyasi. Alipopata pumzi akasema sawa, mwenye sufuria kubwa ndiye mwenye mabomu mengi. Tukazipanga. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya Kalimoni, yenye kesi, kwa hivyo Kalondu akawa Amerika. Iliyofuata, ingawa Wakonyo alisema ndiyo kubwa na tupime kwa maji, ilikuwa yake, akawa Urusi. Uchina, Ufaransa, Uingereza, India, Pakistani na Israeli zikafuata, na mama mmoja mdogo mwenye sufuria ya chai akawa Korea Kaskazini.

Mimi nilikuwa nimebeba beseni ya kuoshea nywele. Waruguru akaiangalia, akaniangalia, akasema Jackie utakuwa Afrika Kusini.

"Afrika Kusini ina bomu gani?"

"Haina. Ilitengeneza machache, ikayavunja yenyewe. Utaingia mikono mitupu."

Niliona nimeonewa. Watu wote wanaingia na chuma na mimi naingia kama mtu amekuja kuomba unga. Nilitaka kwenda nyumbani, lakini sikutaka kukosa kuona mambo ya hao wawili.

Na mambo yakaja. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi: kila nchi inajigamba na bomu lake, Afrika Kusini inasema neno lake, halafu wote wanaweka mabomu mezani na tunaimba. Kujigamba walijua sana. Kuweka mezani ndiko kulikotushinda. Waruguru akasema moja, mbili, tatu, wekeni. Akahesabu. Wote wakainama pamoja, wakaangaliana, wakarudi juu pamoja na sufuria zao kifuani. Akahesabu tena, ikawa vilevile. Uchina akasema yeye ataweka, ila sufuria yake ni mpya na meza ni moja, zikichanganyika nani atamlipa. Waruguru akasema basi wadogo waanze.

"Kwa nini mimi?" Korea Kaskazini akauliza. "Kwa sababu yangu ni ya chai? Nikiiweka mnibebee nirudi kwangu na nini?"

India na Pakistani, ambao ni majirani ploti moja na wana mfuniko mmoja wanaougombania tangu mwaka jana, wakaanza kesi yao hapo hapo. Ufaransa akasema kwanza kila sufuria ipinduliwe tuone alama, ijulikane ni ya nani. Jioni yote ikaishia hapo, watu tisa wanachungulia matako ya sufuria, na mimi nimesimama na mikono yangu mitupu, nimekasirika mpaka nikaanza kucheka. Sufuria ya Kalimoni tu ndiyo haikupinduliwa. Kalondu aliikumbatia, Wakonyo akaangalia kando, na hakuna aliyethubutu.

Kitu kimoja kilisaidia. Wakonyo ndiye alisema, akimwambia Waruguru na si Kalondu, kwamba kama sufuria ni ngumu, si waanze na mifuniko. Wakaanza na mifuniko, na hiyo iliwezekana. Yote tisa ikalala mezani na watu wakapiga makofi.

"Hata hao wenyewe hufanya hivyo," Waruguru akasema. "Kidogo kidogo, na kila mtu akimkagua mwenzake."

Lakini mazoezi yote hatukuwahi kupita mifuniko. Waruguru akasema tutaenda hivyo hivyo, Mungu ni mwema.

Siku moja kabla ya mkutano, nikifungua saluni, nilimwona Kalondu kwenye mfereji. Alikuwa ameinamia sufuria ya Kalimoni na waya na mchanga, anasugua chini kana kwamba imemkosea. Masizi ya miaka yalikuwa yanamtiririka mpaka viwiko. Nikavuka barabara nikamwambia anaharibu bomu, bomu linatakiwa liwe jeusi, sasa Amerika itang'aa kama sahani ya harusi. Hakucheka. Aliniambia niende nikafungue biashara yangu. Nilirudi nimenuna, maana Kalondu akikosa kucheka mimi naogopa.

Jumamosi tukaenda Ruiru na pickup ya jirani yetu Githae, vyombo vinalia nyuma mpaka watu wa barabarani wakawa wanatupungia wakidhani kuna harusi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele kabisa, kando ya madhabahu, palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na kando ya meza alikuwa ameketi Mzee Gerishon.

Huyu mzee lazima nikueleze. Ni mzee wa kanisa hilo, na kila Jumapili baada ya sadaka, vitu ambavyo watu wameleta badala ya pesa, kuku, ndizi, kabichi, lita ya maziwa, huwekwa kwa hiyo meza na yeye huvipiga mnada. Amefanya hivyo miaka mingi. Anauza vizuri, anaweza kukuuzia kuku uliyemleta mwenyewe. Na kanisani kwao kuna desturi, kama kwetu, kwamba kitu kikishawekwa mbele hakirudi na mwenyewe. Siku hiyo hotuba zilikuwa ndefu, wataalamu walizungumza juu ya vizuizi na njia za kuondoa silaha, na Mzee Gerishon akalala na kidevu kifuani. Hakuna aliyemwamsha kwa sababu mzee ni mzee.

Tukaingia. Walijigamba, jamani. Kalondu alipiga sufuria na mwiko akasema yeye ndiye Amerika, akipiga chafya dunia inatafuta kitambaa, na ukumbi ukacheka naye. Wakonyo akajibu kwamba yeye ni Urusi na ana barafu na ana subira, hajawahi kuanza vita lakini ajaribiwe. Hayo maneno hayakuwa kwa mchezo. Walikuwa wameangaliana sasa, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu Kalimoni.

Zamu yangu ikafika. Nikaingia katikati na hasira zangu zote za mazoezi.

"Mimi nilikuwa nayo," nikasema. "Nilitengeneza mwenyewe, nikavunja mwenyewe. Angalieni mikono yangu. Kuna mtu amenipiga?"

Nilisema vizuri, hata kama najisifu. Halafu ikawa wakati wa kuweka. Mifuniko ikashuka, ngwa, ngwa, ngwa, yote tisa. Na tukakwama palepale. Kila mtu na sufuria yake kifuani. Waruguru pembeni anahesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Mtoto akalia nyuma ya ukumbi, akanyamazishwa.

Kalondu akatembea.

Alienda mpaka kwa meza peke yake, akapindua sufuria ya Kalimoni, akaiweka juu ya kitambaa cheupe, kitako kikiangalia juu. Iling'aa. Hapakuwa na masizi na hapakuwa na tone, si moja, si mawili. Alikuwa ameusugua ushahidi wote ukaisha. Wakonyo alinyoosha shingo akaona, na mdomo wake ukafunguka.

Ile sauti ya sufuria mezani ndiyo iliyomwamsha Mzee Gerishon. Akafungua macho, akaona meza, akaona chombo kiko mbele. Akainuka hata kabla usingizi haujamtoka.

"Bwana asifiwe," akasema. "Sufuria nzuri hii, watu wa Mungu, nzito, mmeona ilivyooshwa. Nani ananianzia?"

Watu wakadhani ni mchezo. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na jamaa mmoja nyuma akanyoosha mkono akataja bei. Mwingine akapandisha. Mzee akapata moto, akaishika sufuria kwa mkono mmoja akaiinua juu, "Inaenda, inaenda, mama wa kofia, utaiacha iende?" Waruguru alikuwa amejifunika uso na karatasi za mchezo, mabega yanatetemeka. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka nikamwona Kalondu. Alikuwa amesimama tu, mikono chini. Alikuwa ameiweka mbele, na kilichowekwa mbele hakirudi. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni na hakufanya chochote kuuzuia mnada.

"Inaenda mara ya kwanza," mzee akasema. "Inaenda mara ya pili."

"Mzee, hiyo haiuzwi."

Ilikuwa sauti ya Wakonyo. Alikuja mezani mbio, mfupi hivyo, akaiweka sufuria yake chini bila hata kuangalia anaiweka wapi, ili apate mikono miwili, akaishika ile ya Kalimoni mkononi mwa mzee.

Mzee Gerishon hakuiachilia. Yeye ni mtu wa haki na kazi yake anaijua. "Kwani ni ya nani?" akauliza.

Wakonyo aliangalia chini ya ile sufuria nyeupe mahali alama ilipokuwa. Akamwangalia Kalondu.

"Ni yetu," akasema. "Desemba tunapika nayo. Mtoto wetu analetewa mbuzi."

Kalondu alitoa sauti ambayo sijui niiite kilio au kicheko, na Kavata, aliyekuwa amekuja kututazama, akapiga kigelegele kutoka mlangoni. Mzee Gerishon akaachilia. Akasema kama ni ya mbuzi basi Mungu atasamehe. Uchina akaweka yake, India na Pakistani wakaweka pamoja, wote wakaweka, na meza ikajaa mpaka Korea Kaskazini ikabidi aweke yake ya chai kwa kiti cha mzee. Tukasahau wimbo. Watu walisimama wakapiga makofi, na mgeni mmoja mwenye suti akamuuliza Waruguru ni nani aliandika hiyo sehemu ya mnada, iko na maana kubwa sana. Waruguru akamwambia ni kazi ya kikundi.

Baadaye ikawa kupakia. Vyombo vilikuwa vimechanganyika vibaya, mpaka leo nina mfuniko kwa saluni ambao si wangu, na hakuna aliyekuja kuuuliza. Wakonyo akanitupia sufuria mbili akasema, "Afrika Kusini, wewe mikono yako iko wazi, beba." Nilizibeba nikinung'unika.

Nikageuka mlangoni kuwaangalia. Ile kubwa walikuwa wameibeba wao, mmoja mkono huu, mmoja mkono ule, na kwa sababu mmoja ni mrefu na mwingine mfupi ilikuwa imelala upande. Ni sufuria ambayo Kalondu huibeba peke yake kila siku. Walikuwa wanatembea polepole sana wakigombana juu ya nyama ya ntheo, itiwe chumvi kabla au baada ya kuchemka, na pickup ya Githae ilikuwa inatungoja. Sikuwaharakisha.